Milingoti ya kaka imekausha kijito cha mama. Je, nina haki ya kulalamika?

Barua

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke niliyeolewa, naishi Dar es Salaam na nina kazi ya kuajiriwa. Kwetu ni Mufindi, kijijini, ukishuka Mafinga unachukua bodaboda. Mume wangu anasema hili si jambo la kumwandikia mtu barua, lakini linaninyima usingizi.

Chini ya nyumba yetu kuna bonde. Humo kulikuwa na chemchemi, na kijito chake kilikwenda kuungana na vingine mpaka mto Ruaha Mdogo. Pembeni ya kijito hicho mama alilima vinyungu. Kwa wasomaji wasiotoka Nyanda za Juu Kusini, vinyungu ni bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, wakati mashamba ya juu yamekauka. Sisi tulikula mahindi mabichi mwezi wa kumi, jirani wa milimani wakisubiri mvua. Maharage, maboga na mboga za kupeleka gulioni vyote vilitoka pale. Hata ada yangu ya sekondari ilitoka pale.

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alipanda milingoti, yaani mikaratusi, bonde zima, kutoka mlimani mpaka kwenye jicho la maji. Wakati ule kila mtu alikuwa anapanda miti, na watu wa mijini walikuwa wanakuja kununua mapori kwa ajili hiyo hiyo. Hakuna aliyemlaumu. Miti ilipoanza kurefuka, kijito kikawa kinapungua kila kiangazi. Baadaye kikawa kinakatika kabisa kabla ya mvua. Sasa chemchemi yenyewe imebaki tope, na kwenye tope hilo mtu hawezi kujaza hata ndoo. Mama umri umekwenda. Anategemea bomba la kijiji, na likikatika anasubiri wajukuu wamletee maji kutoka mbali.

Mwaka huu mnunuzi wa nguzo ameshakuja kuiona miti. Kaka anataka kuvuna kiangazi hiki, kisha aviache visiki vichipue apate mzunguko wa pili bila kununua miche. Niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp nikaomba ile ya bondeni isirudishwe. Kaka akanijibu kwamba mimi nimeolewa, sina shamba pale, na kwamba fedha za miti hiyo ndizo zitakazompeleka mwanawe chuo. Baba mdogo akaongeza kwamba sisi wa mjini tunapenda mazingira kwa sababu hatuyategemei kula. Mama naye akanipigia simu: "Mwachie kaka yako." Lakini nilipokwenda likizo, mama huyo huyo alinipeleka bondeni akanionyesha kwa fimbo yake mahali alipokuwa anatuogeshea.

Nina swali jingine ambalo naona haya kuliuliza. Mimi huwa nalia kwa ajili ya kijito hiki. Mwaka 2024 niliona watu wa Rufiji wakihama kwa mafuriko, kisha kikaja kimbunga Hidaya, na joto la hapa Dar kila mtu analisema. Dunia nzima iko mashakani, na mimi nalilia maji ambayo mtu mzima aliyavuka kwa hatua moja. Je, nina haki? Na nifanye nini kabla ya msumeno kuingia?

Binti wa Mufindi

Jibu

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Naanza na machozi, kwa sababu umeyaleta kama kitu cha kuficha. Desemba 2004 Wangari Maathai alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa profesa, alikuwa naibu waziri, alikuwa ameongoza upandaji wa miti kwa mamilioni tangu 1977. Alipofika mwishoni mwa hotuba yake alisimulia kijito kilichopita karibu na nyumbani kwao. Alikuwa akienda kumchotea mama yake maji, anakunywa papo hapo, anacheza na mayai ya vyura na kuwatazama viluwiluwi. Kisha akasema kijito hicho kimekauka, na wanawake wanatembea mbali kutafuta maji ambayo si safi siku zote. Aliyasema hayo mbele ya dunia, katika siku kubwa kuliko zote za maisha yake. Basi usiniombe ruhusa ya kulia.

Tena katika machozi yako kuna ushahidi. Mtoto wa kaka yako amekulia bonde likiwa na milingoti. Kwake hilo ndilo bonde. Hajui kwamba mahali pale pamewahi kutoa mahindi mabichi mwezi wa kumi, kwa hiyo hawezi kukosa asichokijua. Wewe, mama yako na wazee wachache ndio mnaojua maji yalifika wapi, na ujuzi huo hauko kwenye ramani ya ofisi yoyote. Ukiunyamazia, kizazi kimoja kikipita hakuna atakayeweza hata kusema kwamba kuna kitu kimepotea.

Sasa tuje kwenye miti. Kabla hujamwambia kaka yako kwamba milingoti yake ndiyo iliyokausha maji, uwe na hakika, maana atakujibu kwamba mvua zimebadilika, na huenda kwa sehemu anasema kweli. Nenda kijijini mwishoni mwa kiangazi, Oktoba hivi. Tafuta bonde jirani linalofanana na lenu lakini halina milingoti wala misindano (mipaina), lenye nyasi au miti ya asili. Kama chemchemi ya huko bado inatiririka na yenu imekufa, mvua iliyonyesha pote pawili ni ile ile, na kilichotofautiana ni kinachoota. Kama zote mbili zimekufa, tatizo lenu ni kubwa kuliko shamba la kaka yako, na hapo mazungumzo yawe ya kijiji kizima. Waulize na wazee ni mwaka gani maji yalianza kukatika, ulinganishe na mwaka miti ilipopandwa.

Mimi nadhani utakuta ni miti, na nakueleza kwa nini. Mlingoti hauna uovu wowote. Kwao Australia unaishi vizuri na mazingira yake. Lakini unakua kwa kasi, hauangushi majani kiangazi, na mizizi yake inashuka mbali. Mti unaokua hivyo hunywa mwaka mzima. Ukiwa juu ya kilima hutegemea zaidi mvua iliyoingia ardhini pale ulipo. Ukiupanda kwenye jicho la maji, umeupa kata na mtungi.

Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa makini, mahali panapoitwa Mokobulaan, mkoani Mpumalanga. Mwaka 1969 walipanda milingoti kwenye bonde dogo lililokuwa la nyasi, wakawa wanapima kijito chake. Mwaka wa tatu tangu kupanda, maji yakaanza kupungua waziwazi. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa. Kwenye bonde la jirani walipanda misindano, nako kijito kikakauka mwaka wa 12. Kwa hiyo kaka yako asije akakwambia atang'oa milingoti aweke misindano ukafurahi.

Sehemu ya mwisho ya habari hiyo ndiyo ninayotaka uishike kuliko zote. Milingoti ile ilikatwa yote ikiwa na miaka 16, na bado kijito hakikurudi kutiririka mwaka mzima mpaka miaka mitano baadaye. Ardhi ilikuwa imekaushwa chini sana, ilibidi ijae upya kwanza. Mwanangu, waeleze nyumbani mapema. Ukiwaahidi kwamba miti ikikatwa kiangazi hiki maji yatarudi mwakani, na yasirudi, kaka yako ataacha visiki vichipue na hakuna atakayekusikiliza tena.

Na machipukizi hayo ni jambo kubwa kuliko familia nyingi zinavyodhani. Kisiki cha mlingoti kina mizizi ya miaka yote iliyopita, imeshafika kwenye maji. Chipukizi lake halianzi upya kama mche, ndiyo maana linakimbia kurefuka. Kaka yako anaona faida ya kutonunua miche. Mimi naona maji hayatapata hata nafasi ya kupumua. Saa ya kuamua ni hii, kati ya msumeno na chipukizi. Ikipita, mtasubiri mavuno mengine, na mama yako hana umri huo.

Hapo ndipo ombi lako linapokuwa jepesi kuliko lilivyosikika kwenye WhatsApp. Humwombi kaka yako asivune. Avune yote, auze nguzo zote, mtoto aende chuo. Unachoomba ni visiki vya kuzunguka chemchemi na kando ya kijito viuliwe, visirudishwe. Vya mlimani aendelee navyo. Naamini familia yako ilisikia "binti wa mjini hataki miti yetu", na kwa ujumbe mfupi wa simu si ajabu kusikia hivyo. Mambo ya ardhi hayazungumzwi kwenye simu. Panda basi.

Kuhusu sheria, nitakuambia ilivyo, kisha nikuombe usiitangulize. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Viongozi wengi wa Iringa na Njombe wanaitaja hiyo mita 60 wakizungumzia vyanzo vya maji na milingoti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Kwa hiyo neno la kaka yako kwamba umeolewa kwa hiyo huna la kusema halina nguvu anayodhani linayo.

Lakini tazama upande wa pili. Mita 60 hizo hazichagui. Zinamgusa mwenye milingoti, na zinamgusa mama yako na vinyungu vyake vilivyofika ukingoni mwa kijito. Mkoani Iringa wakulima wa vinyungu wameshakatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Ukimshtaki kaka yako, afisa atakayekuja ataangalia bonde zima. Na mimi binafsi siwezi kusema vinyungu havina madhara: ukikata mifereji ya kukausha tope ili upande maharage, unayaharakisha maji kuondoka. Vilivumilika vilipokuwa vichache na msitu wa juu ulikuwepo. Basi usiende nyumbani kudai bonde lirudi kama ulivyoliacha ukiwa mtoto. Omba eneo la chemchemi libaki bila mlingoti na bila jembe, na bustani ya mama isogezwe mbali na maji, hata ikiwa ndogo.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu kaka yako ataifanya. Mita 60 kuzunguka jicho la chemchemi, pande zote, ni karibu ekari tatu. Ekari tatu za miti Mufindi ni mali. Ukiongeza ukanda wa kijito pande mbili, kaka yako anapoteza sehemu nzito ya mzunguko wake wa pili, na wewe unayeomba unapokea mshahara Dar es Salaam. Hapa baba mdogo alikuwa na hoja, hata kama aliisema vibaya. Anayetaka maji yarudi achangie gharama za kuyarudisha. Kaa na ndugu zako wenye kipato mseme mtachangia nini kwenye ada ya huyo mtoto, kwa miaka mingapi, na nani atalipa vibarua wa kung'oa visiki. Nenda na ahadi unayoweza kuitimiza. Kama uwezo wenu ni mdogo, anzeni na chemchemi peke yake, kijito kifuate.

Mzungumzaji wa kwanza asiwe wewe. Mwendee shangazi yenu, dada wa baba, kama yuko hai. Yeye alichota maji pale kabla hamjazaliwa, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba ni mtu wa mjini. Halafu mama. Alipokwambia umwachie kaka yako alikuwa anaogopa watoto wake wagombane, na hofu hiyo uiheshimu. Lakini aliyekushika mkono akakupeleka bondeni na fimbo yake alikuwa na la kusema. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, kama yuko tayari kulisema mbele ya kaka yako. Akikataa, usimlazimishe. Akikubali, wewe nyamaza mpaka amalize.

Kazi yenyewe ikikubaliwa ifanyike hivi. Mti ukatwe chini kabisa, karibu na udongo. Kisiki kimenywe gamba lote mpaka kwenye mizizi, kisha kifukiwe. Vilivyo vidogo ving'olewe. Machipukizi yatakayotokea yaondolewe kila yanapoonekana, na kwa muda mrefu, kwa hiyo awepo mtu wa kijijini anayelipwa kwa kazi hiyo, si ahadi ya kila mtu. Dawa za kuua visiki msizitumie karibu na maji yatakayonywewa. Gari la magogo nalo lisipite juu ya chemchemi. Mwekeeni dereva njia kabla hajafika, kwa sababu tairi la lori kwenye tope hushindilia ardhi kiasi cha kuliziba jicho lenyewe.

Palipobaki wazi pandeni miti ambayo wenyeji wa huko wanaijua kuwa rafiki wa maji. Mivengi ndiyo ya kwanza, na wazee watakuonyesha mingine iliyokuwa inaota pale zamani. Usipeleke parachichi ndani ya eneo hilo, hata kama bei yake inakutamanisha. Lina nafasi yake juu ya kilima, na huko linaweza kumpa kaka yako kipato cha kufidia. Mizinga ya nyuki inaweza kuning'inizwa bondeni bila kumdhuru mtu, kwa sharti kwamba wanaochota maji wana njia yao.

Umeuliza kijito chenu kina thamani gani mbele ya mashaka ya dunia. Nifuatie maji. Yanaingia Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa unakunywa mto huo. Ruaha Mdogo unamwaga Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi yenye jina lake, viboko wakibaki wamebanana kwenye madimbwi. Kinachofika bwawa la Mtera kinazungusha mitambo ya megawati 80, kinashuka Kidatu kuzungusha ya megawati 204, kisha kinaungana na maji mengine ya Rufiji mpaka Bwawa la Julius Nyerere, na mwisho kinaingia kwenye mikoko ya delta mbele ya kisiwa cha Mafia. Taa uliyoiwasha kuniandikia barua huenda ina tone la bonde lenu. Joto la dunia hulimudu, mwanangu, wala mimi silimudu. Moshi mwingi unaolileta unatoka katika nchi ambazo hazijui Mafinga iko wapi, na hao wanapaswa kubanwa na serikali zetu kwenye meza zao. Lakini ardhi yenye chemchemi hai huvumilia mwaka wa ukame vizuri kuliko iliyokaushwa, na hilo halihitaji mkutano wa dunia. Linahitaji kaka yako.

Na akikataa? Usikimbilie wilayani. Anza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha serikali ya kijiji. Waulize pia kama kuna jumuiya ya watumia maji katika eneo lenu, kwa sababu bonde lote liko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, na kazi hii ya kutunza vyanzo ni yao. Suala likiwa la kijiji, halitakuwa tena la dada dhidi ya kaka. Si nyinyi peke yenu mliopanda mpaka kwenye maji, na mpaka wa mita 60 ukiwekwa kwa wote kaka yako hatakuwa na sababu ya kuona ameonewa. Mbele ya kikao hicho usimtaje kwa ubaya, hata ukichokozwa.

Miche ya mivengi iwahiwe mapema kwenye vitalu, kwa sababu kifuku, msimu wa mvua, kikianza kila mtu anaitafuta. Kama mnunuzi anakuja kiangazi hiki, safari yako isipite mwezi ujao.

Mama Mshauri